Kusoma Michoro ya Australia: Anza na Mahali Mchoraji Aliposimama

Wanaoanza kutazama michoro ya Australia hukwama sehemu mbili. Wakifika kwenye picha za walowezi wa karne ya 19, zile za wakata manyoya ya kondoo na misitu ya mikaratusi, huzichukulia kama picha za kamera: hivi ndivyo mambo yalivyokuwa. Wakifika kwenye michoro ya Waaborijini, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, hutafuta mtandaoni orodha ya alama na kuanza kutafsiri moja moja: duara ni kisima, umbo la U ni mtu aliyeketi, basi, kazi imekwisha. Njia zote mbili hupita kando ya jambo lenyewe. Sehemu kubwa ya uchoraji wa Australia ni mabishano marefu kuhusu ardhi: ni ya nani, nani ana haki ya kuichora, na anaichora akiwa amesimama wapi. Kwa hiyo swali la kwanza si "hii alama ina maana gani". La kwanza ni: anayeitazama ardhi hii yuko wapi? Yuko chini kando ya mti, yuko juu angani, au yuko ndani yake?

Kabla ya swali hilo, kuna kazi ndogo ya mikono.

Futi kamba na chaki

Wengi wetu tutaiona michoro hii kwenye simu, na simu huzifanya picha zote zilingane. Hapo ndipo uelewa unapoanza kuharibika. Majumba makubwa ya sanaa, kama National Gallery of Victoria ya Melbourne, National Gallery of Australia ya Canberra na Art Gallery of New South Wales ya Sydney, huweka kazi zao kwenye tovuti pamoja na vipimo kwa sentimita. Kumbuka kwamba kimo hutajwa kwanza, kisha upana. Chukua futi kamba, pima ukutani, tia alama za chaki kwenye pembe nne. Usiruke hatua hii ukidhani utakadiria kichwani.

Mfano wa udogo: mwezi Agosti 1889 Tom Roberts, Arthur Streeton, Charles Conder na wenzao walifungua maonyesho Melbourne ya vipicha ambavyo vingi vilichorwa kwenye vifuniko vya masanduku ya sigara, inchi 9 kwa 5, yaani kama sentimita 23 kwa 13. Mfano wa ukubwa: mchoro wa kiazi cha porini wa Emily Kame Kngwarreye wa mwaka 1995, ulioko Melbourne, una kimo cha sentimita 291 na upana wa mita 8. Kwa wengi wetu ukuta wa sebuleni hautoshi. Kwenye simu vyote viwili vina upana wa kiganja.

Ukubwa unakueleza jinsi mwili ulivyofanya kazi. Kibao cha sigara hushikwa mkononi nje, na mchoraji hukimbizana na mwanga kabla haujabadilika. Ndiyo maana mipigo ya brashi ni michache na mipana, na ndiyo maana wakosoaji wa wakati ule waliona kazi hazijamalizika. Turubai ya mita 8 haiegemezwi popote. Hutandazwa chini, na mchoraji huketi pembeni au juu yake, akijisogeza. Ukishajua hilo, hutauliza tena kwa nini haina "mbele" na "nyuma".

Ukiwa ndani ya jumba la sanaa lenyewe, tenga dakika kumi kwa picha moja na usichague zaidi ya picha nne au tano kwa ziara. Simama kwanza mbali, kama mara mbili ya upana wa picha. Kisha sogea hadi pale kamba au mlinzi anaporuhusu. Kisha pita pembeni, utazame kwa mshazari. Kila umbali utakupa kitu tofauti, na baadhi ya kazi nitakazozitaja hapa chini haziwezi kueleweka bila ule mwendo wa pembeni.

Tafuta upeo

Sasa rudi kwenye swali la mahali. Tafuta mstari ambapo ardhi inakutana na mbingu. Mstari huo ukiwa chini sana, picha inahusu anga na nafasi. Ukiwa juu sana, karibu na fremu, mchoraji anataka ukabiliane na ardhi yenyewe: mwamba, vumbi, nyasi. Ukikosekana kabisa, unatazama kutoka juu, au mchoraji amekataa kukupa mahali pa kusimama.

Fred Williams ndiye mwalimu mzuri wa jambo hili miongoni mwa wachoraji wenye asili ya Ulaya. Alirudi Melbourne baada ya miaka kadhaa London, akaanza kuchora vichaka ambavyo wengine waliviona havina la kuchorwa. Katika kazi zake za miaka ya 1960 kuhusu You Yangs, vilima vilivyo karibu na Melbourne, upeo mara nyingi umeondolewa. Kinachobaki ni uwanda wa rangi ya kahawia au manjano uliotapakaa madoadoa mazito ya rangi. Ukiwa mbali utaona miti iliyotawanyika. Ukisogea, kila doa ni tonge la rangi tatu nne zilizopakwa bila kuchanganywa vizuri, zimeinuka juu ya turubai. Kosa la kawaida hapa ni kutafuta mti mmoja wa kuutazama. Haupo. Williams alikuwa anaeleza kwamba kichaka cha Australia hakina kitovu, na jicho lako lililozoea kitovu litahangaika. Hangaiko hilo ndilo somo.

Mkaratusi kama kipimo

Msomaji wa Afrika Mashariki ana bahati moja ambayo Mzungu anayesoma picha hizi akiwa London hana: anaujua mkaratusi. Mti huo asili yake ni Australia, na sisi tunao shuleni, barabarani na kwenye mashamba ya nguzo za umeme. Miwati ya Njombe na nyanda za juu za Kenya nayo imetoka huko huko. Utumie ujuzi huo.

Majani ya mkaratusi uliokomaa huning'inia, makali yakiwa yameelekea jua, kwa hiyo mwanga hupenya na kivuli chake ni chepesi, chenye matundu. Gome hubanduka vipande virefu. Shina huwa na rangi nyingi kwa wakati mmoja: kijivu, waridi, krimu. Mchoraji aliyetoka Uingereza akiwa amezoea miti ya huko, yenye vichwa vya mviringo na kivuli kizito, alipaswa kujifunza upya. John Glover alifika Tasmania mwaka 1831 akiwa na miaka zaidi ya sitini, na alikuwa miongoni mwa wa mwanzo kuona kwamba unaweza kuitazama nchi ya nyuma kupitia matawi ya miti hii. Lakini tazama bustani aliyoichora mwaka 1835 mbele ya nyumba yake: maua ya kizungu kwenye mistari iliyonyooka, na vichaka vya nchi vimesukumwa nyuma ya uzio. Hapo tayari una mabishano ya ardhi ndani ya picha moja ya bustani.

Kwa hiyo mbele ya picha yoyote ya mandhari jiulize mambo matatu. Mwanga unapita kwenye majani au unazuiwa? Kivuli chini ni cheusi, au ni cha buluu na zambarau kama anavyokifanya Streeton? Na nyasi ni kijani au zimekauka? Rangi ya dhahabu iliyojaa kwenye picha za Melbourne za miaka ya 1880 na 1890 ni ya nyasi kavu za kiangazi, wala si pambo la mchoraji.

Picha tatu za walowezi, na kile kisichoonekana

Anza na *Shearing the Rams* ya Tom Roberts, 1890, kama sentimita 122 kwa 183. Ni banda la kukatia manyoya, wanaume wameinama kwenye mstari unaoingia ndani ya picha. Katikati mkata manyoya mmoja amembana kondoo dume mkubwa, mgongo wake umepinda, mkono mmoja unashika, mwingine unakata. Tazama mkono ule: anatumia mkasi wa mkono. Mashine zilikuwa zimeshaanza kuingia mabandani mwishoni mwa miaka ya 1880. Basi picha inayosifiwa kwa ukweli wake ilikuwa tayari inatazama nyuma. Mwaka mmoja baadaye, 1891, wakata manyoya wa Queensland waligoma mgomo mkubwa. Ndani ya picha hakuna bosi anayegombana na mtu, hakuna mshahara, kuna heshima ya kazi tu. Mtoto anayetabasamu ndiye pekee anayetutazama sisi. Msichana mmoja wa pale ndiye aliyeigiza mtoto huyo wa kiume.

Pili, *Fire's On* ya Streeton, 1891, iliyoko Sydney. Ni ndefu kwenda juu, kama sentimita 184 kwa 122. Wengi huiona kama picha ya mwamba mweupe unaowaka jua, na anga ya buluu kali iliyobanwa kule juu. Wanaondoka. Rudi chini kwenye mdomo wa handaki la reli. Kuna vijitu vidogo vimembeba mtu: ameuawa na mlipuko wa baruti. Jina la picha ni ule ukelele wa kuwaonya watu kwamba baruti inawashwa. Streeton ameufanya msiba kuwa mdogo makusudi, jua na jiwe vikiwa vikubwa. Je, ni ukatili wa nchi, au ni ukatili wa mchoraji aliyependa mwanga kuliko maiti? Mimi naona vyote viwili, na ndiyo sababu naiweka picha hii juu ya ile ya Roberts.

Tatu, *The Pioneer* ya Frederick McCubbin, 1904, vipande vitatu vinavyosomwa kutoka kushoto. Kushoto mke mlowezi ameketi msituni akiwaza, mumewe anawasha moto nyuma. Katikati mwanamke ana mtoto mikononi, mume ameacha kupasua kuni, na nyumba ndogo inaonekana kwa mbali. Kulia kijana anainamia kaburi lenye msalaba wa mti, na nyuma yake mji umechipuka. Mji huo McCubbin aliuongeza baadaye. Kosa la kwanza ni kusahau kutazama pengo kati ya vipande, maana miaka yote imepita pale kwenye fremu. Kosa la pili ni zito zaidi: msitu unaonyeshwa kama mahali pasipo mtu kabla ya gari la walowezi kufika. Hakuna mwenyeji hata mmoja, hakuna alama ya moto wa zamani, hakuna njia. Ukiandika maelezo kuhusu picha za walowezi, kila mara ongeza mstari mmoja: nani hayupo? Kwa *The Pioneer*, asiyekuwepo ndiye aliyebeba picha.

Nolan: rangi ya dukani na hadibodi

Kati ya 1946 na 1947 Sidney Nolan alichora picha 27 kuhusu Ned Kelly, jambazi aliyenyongwa Melbourne tarehe 11 Novemba 1880. Picha 26 ziko Canberra. Kelly na wenzake walijitengenezea mavazi ya chuma kutokana na majembe ya plau. Kofia yake halisi ilikuwa ya mviringo; Nolan akaifanya mraba mweusi tititi wenye tundu la macho, na katika picha inayojulikana kuliko zote, kupitia tundu lile unaona anga na mawingu. Kichwa hakimo. Kelly amekuwa dirisha linalotembea juu ya farasi.

Sasa soma kile wengi wanachokiruka: mstari wa vifaa kwenye kibandiko, ile karatasi ya maelezo iliyo kando ya picha. Ni rangi ya enameli juu ya hadibodi, kama sentimita 91 kwa 121 kila moja. Anayejua Tingatinga atashtuka kidogo, kwani Edward Saidi Tingatinga alipoanza Dar es Salaam mwaka 1968 alitumia vitu vya namna ile ile, rangi ya baiskeli juu ya hadibodi. Hakuna aliyemwiga mwenzake. Ni rangi ya bei nafuu inayopatikana dukani, na yenye tabia zake. Enameli hujisawazisha yenyewe, alama za brashi hupotea, nyeusi huwa nyeusi kweli, na uso hung'aa. Picha ya mtandaoni huua ule mng'ao, kwa hiyo kofia ya Kelly huonekana kama karatasi iliyobandikwa. Mbele ya kazi yenyewe, tembea pembeni uone mwanga ukiteleza juu ya weusi huo.

Mwaka 1944 Nolan alikuwa ametoroka jeshini. Inavutia kusema Kelly ni Nolan, na kweli kidogo imo, lakini usiishie hapo. Ukilisema hilo mapema mno utaacha kutazama mandhari, na mandhari zile za manjano zilizo bapa ndizo zilizobadilisha macho ya Waaustralia.

Jangwani: usitafute juu na chini

Papunya ni makazi yaliyo kama kilomita 240 kaskazini-magharibi mwa Alice Springs, mji ulio katikati ya Australia. Mwaka 1971 wazee wa pale walichora kwenye ukuta wa shule habari ya sisimizi wa asali, wakihimizwa na mwalimu Geoffrey Bardon. Wakaendelea kwenye vipande vya mbao na hadibodi, na mwaka 1972 wakaunda kampuni yao wenyewe, Papunya Tula. Michoro hiyo haikuanza 1971, bila shaka. Ilikuwa ikichorwa mchangani, mwilini na kwenye vifaa vya ibada tangu zama. Kilichobadilika ni rangi ya akriliki, na macho ya wageni.

Macho hayo ya wageni ndiyo yaliyovisambaza vitone, zile nukta za rangi ambazo wengi huzitambua kwanza. Bodi za mwanzo zilionyesha wazi mambo ambayo watu wasioingizwa jandoni, na wanawake, hawakupaswa kuyaona, na jamii nyingine zikalalamika. Wachoraji wakaanza kuyaacha na kuyafunika. Vitone vilivyokuwa mpaka wa alama vikatanda hadi kujaza uwanja mzima. Kwa hiyo mgeni anaposema "mtindo wa vitone" anataja pazia akidhani ndilo chumba.

Fuata utaratibu huu. Kwanza soma kibandiko mapema, kinyume na ilivyo kwa picha za walowezi, kwa sababu bila jina la mahali na la jamii utakisia tu. Pili zungusha picha. Ilichorwa chini, pengine kutoka pande zote nne, na namna inavyoning'inizwa mara nyingi ni uamuzi wa jumba la sanaa. Kwenye simu, funga ule mzunguko wa kiotomatiki kisha geuza simu robo, nusu, robo tatu. Tatu tafuta duara kubwa zaidi, zile duara ndani ya duara, na mistari inayoziunganisha: hapo una mahali na njia. Nne tafuta nyayo, ujue nani alipita na akielekea wapi. Unyayo wa emu, ndege mkubwa asiyeruka, unafanana na mshale, na hapa wengi hupotea. Vidole vitatu vya emu vimetanuka kuelekea mbele na kukutana kisiginoni, kwa hiyo ncha ya "mshale" inaonyesha alikotoka. Kangaruu huacha jozi ya alama ndefu, wakati mwingine na mstari wa mkia katikati. Umbo la U ni alama ya makalio na mapaja ya mtu aliyeketi mchangani. Likiwa na mikuki au bumerangi (mti uliopinda wa kurushwa) kando, ni mwanamume. Likiwa na muo wa kuchimbia na umbo la yai la chano cha mti, ni mwanamke.

Halafu acha nafasi. Duara inaweza kuwa kisima, kambi, moto, kilima au uwanja wa ibada, na jibu liko kwa mwenye habari, halimo kwenye orodha. Habari zenyewe, ambazo Wawarlpiri, jamii moja ya jangwani, huziita Jukurrpa, ni safari za wahenga walioiumba nchi, na wakati huo huo ni sheria na hati ya umiliki. Mtu huchora ya kwao. Kile kilichoandikwa kwenye kibandiko ni kiasi kilichoruhusiwa kutoka nje. Usiulize zaidi ya hapo.

Jaribu utaratibu huo kwa *Warlugulong* ya Clifford Possum Tjapaltjarri, 1977, kama mita 2 kwa 3.4. Warlugulong ni mahali ambapo Lungkata, mjusi mwenye ulimi wa buluu, aliwasha moto kuwaadhibu wanawe wawili waliokula nyama ya kangaruu bila kumgawia. Tafuta mifupa ya vijana hao wawili. Iko wazi, imelala. Kisha angalia nyayo zinazovuka turubai: ni za wahenga wengine, katika habari nyingine, zilizopita nchi ile ile. Mchoraji ameweka ramani kadhaa juu ya ramani moja, kila moja na mwelekeo wake, ndiyo maana huwezi kuisoma ukiwa umesimama upande mmoja. Benki moja iliinunua kwa dola 1,200 za Australia ilipochorwa. Mwaka 2007 jumba la Canberra lililipa dola milioni 2.4.

Kngwarreye anavunja utaratibu wote huo, na ni vizuri. Alikuwa wa jamii ya Anmatyerr, wa Utopia, kaskazini-mashariki mwa Alice Springs. Alianza na batiki mwaka 1977, akashika akriliki mwishoni mwa miaka ya 1980 akiwa bibi wa karibu miaka themanini, akafariki 1996. Katika mchoro wake wa kiazi hakuna duara wala nyayo: mistari myeupe juu ya weusi, inapinda, inapishana, inarudi. Ni mizizi ya kiazi ardhini na nyufa zinazoonekana juu kiazi kinapokomaa, na jina lake Kame linahusu mbegu za kiazi hicho hicho. Chagua mstari mmoja uufuate kwa jicho nusu dakika. Utaona unapofifia: pale brashi ilikauka, akachovya tena, akaendelea bila kusita. Aliyewahi kuchora nta kwenye kitambaa cha batiki atautambua mkono huo usiorudi nyuma kufuta. Wapo wanaomlinganisha haraka na wachoraji wa dhahania wa New York. Ulinganisho huo hausaidii sana. Yeye alikuwa anachora shamba analolijua kwa miguu.

Gome la mti, na mwendo wa pembeni

Arnhem Land, kaskazini kabisa, msingi wa uchoraji si vitone. Huko hubanduliwa gome la mkaratusi msimu wa mvua, wakati utomvu unatembea, likapitishwa juu ya moto na kukandamizwa kwa uzito hadi linyooke. Rangi ni nne: nyekundu na manjano za udongo, nyeupe ya udongo mweupe, nyeusi ya mkaa. Zamani zilishikizwa kwa utomvu wa okidi, siku hizi kwa gundi. Mistari myembamba inayokatana, iitwayo rarrk kwa Wakuninjku, jamii moja ya huko, huvutwa kwa brashi ya nywele chache za binadamu au ya unyasi, mstari mmoja mmoja.

Hapa ndipo mwendo wa pembeni unapolipa. Tembea polepole mbele ya gome na uso wake utaanza kumetameta. Kwa Wayolngu, jamii nyingine ya Arnhem Land, mmeto huo ni nguvu ya wahenga ikijionyesha, nao ndio lengo la ile mistari yote. Mpangilio wa mistari na rangi ni mali ya ukoo. Kuunakili bila idhini ni kosa zito. Mwaka 1963 Wayolngu wa Yirrkala, walipopinga uchimbaji wa madini kwenye ardhi yao, walituma bungeni maombi yaliyopigwa taipu na kubandikwa kwenye magome yaliyochorwa pembeni kote, moja kwa michoro ya Dhuwa na jingine kwa ya Yirritja, nusu mbili za jamii yao. Michoro ile ndiyo iliyokuwa hati. Maandishi yalikuwa tafsiri kwa wabunge. Gome likikunjamana au rangi ikibanduka, usidhani ni kazi mbovu: mti huendelea kunywa na kutoa unyevu, ndiyo maana huwekwa kwenye vyumba vyenye hewa iliyodhibitiwa.

Namatjira

Albert Namatjira, wa jamii ya Arrernte, wa Hermannsburg katikati ya Australia, alichora kwa rangi za maji milima na mikaratusi myeupe, kwa upeo na kina kama Mzungu yeyote. Maonyesho yake ya kwanza Melbourne, mwaka 1938, yalimpa jina. Wakosoaji wengi wakamdharau kwa miaka: eti ameiga. Lakini vilima vile ni vya nchi yake na ya mama yake. Alichora mahali alipokuwa na haki napo. Mbele ya kazi yake tazama shina la mti lililo karibu, mara nyingi limekatwa na ukingo wa karatasi juu, na weupe wake ukilinganishwa na buluu ya milima nyuma. Mti ule ndio mhusika mkuu wa picha, milima imekuja kumsindikiza. Mwaka 1957 alipewa uraia kamili ambao wenyeji wengi wenzake hawakuwa nao; 1958 akahukumiwa kwa kumpa ndugu yake pombe, kitu ambacho mzungu angepewa bila shida; 1959 akafariki. Mjukuu wa mwanawe, Vincent Namatjira, alishinda tuzo ya Archibald, ya picha za watu, mwaka 2020, akiwa mwenyeji wa asili wa kwanza kuipata tangu ianzishwe 1921.

Majina na adabu

Tjapaltjarri, Tjampitjinpa, Nakamarra si majina ya ukoo kwa maana yetu. Ni makundi ya undugu yanayopangwa kwa kuzaliwa, kwa hiyo wachoraji wawili wa Tjapaltjarri si lazima wawe ndugu wa baba mmoja. Katika jangwa la magharibi, Tj au J mwanzoni huwa ya wanaume, N ya wanawake: Tjapaltjarri na Napaltjarri ni kaka na dada. Ukilijua hilo, kibandiko kitakupa jinsia na undugu kabla hujatafuta popote.

Jamii nyingi hazitaji jina la marehemu kwa muda fulani, wala hazionyeshi picha yake. Ndiyo sababu ya yale maonyo mwanzoni mwa tovuti na maonyesho, na ndiyo sababu utakutana na jina Kwementyaye mahali palipotarajiwa jina la mtu. Liandike hivyo hivyo.

Ukitaka kununua

Kwa kifupi, maana wasomaji walioko Ughaibuni huuliza. Nunua kwenye kituo cha sanaa kinachomilikiwa na jamii, au kwa muuzaji aliyesaini Indigenous Art Code, yaani kanuni za uuzaji wa haki wa sanaa ya wenyeji. Cheti kiwe na jina la mchoraji, jamii yake, jina la kazi, vipimo, vifaa, mwaka na namba ya kumbukumbu ya kituo. Namba hiyo iandikwe pia nyuma ya turubai, na uipigie kituo simu kuihakikisha. Picha ya mchoraji akiwa ameishika kazi haithibitishi chochote peke yake. Bumerangi na vikombe vya uwanja wa ndege vyenye vitone vingi havijaguswa na mwenyeji. Ukija kuuza tena huko Australia kupitia mnada au duka la sanaa, kwa dola 1,000 au zaidi, asilimia 5 inaweza kudaiwa kwa ajili ya mchoraji au warithi wake, chini ya sheria iliyoanza kutumika Juni 2010.